Siku ya Tatu Mpe Jembe: Hotuba Iliyotolewa Kisumu Kuhusu Wakimbizi na Wahamiaji

Bwana mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama wa soko, walimu wenzangu, waheshimiwa wawili wa Bunge la Kaunti ambao nimewaona wakiingia, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma kama kawaida yenu: hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu wakimbizi na wahamiaji, na kwa nini nchi kama yetu iwafungulie mlango. Aliyenialika alinitahadharisha kwamba humu ukumbini wamo wasiokubaliana nami kabisa. Ni vizuri. Kama ningekuja kuwahubiria waliokwisha okoka, afadhali ningebaki nyumbani nikapumzisha magoti.

Nianze na jambo ambalo Wakenya hatupendi kukumbushwa. Januari 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walivuka mpaka pale Malaba na Busia wakaingia Uganda, mtoto mgongoni na godoro kichwani. Walifika takriban 12,000. Mbele ya sheria walikuwa wakimbizi kamili, sawasawa na Msomali wa kambi ya Dadaab au Mkongo wa kambi ya Kakuma. Walilala madarasani, wakapelekwa Mulanda kule Tororo, na baadaye wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Huko Uganda iliwafanyia kile inachowafanyia wakimbizi wake wengine: iliwapimia kipande cha shamba, ikawaambia limeni. Hakuna aliyewazungushia seng'enge. Mkenya aliyevuna mahindi yake akataka kuyapeleka soko la Bweyale, aliyapeleka.

Hao ni waliovuka mpaka. Waliohama makwao bila kutoka nchini walizidi laki sita. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru uligeuka mji wa mahema. Hapa Kisumu malori yalishusha watu waliotoka Naivasha na Limuru, wengine wakiwa wamezaliwa hukohuko na hawajui hata njia ya kwenda kwa babu yao. Kwa hiyo mtu wa Nakuru, Eldoret au Kisumu akitamka "hawa wakimbizi" kana kwamba anataja viumbe kutoka sayari nyingine, mimi humwuliza mwaka ule yeye alikuwa wapi.

Hata hivyo sikuja kuwaomba huruma. Huruma ni kitu kizuri lakini huisha haraka, hasa bei ya unga inapopanda. Mji wetu ni mji wa biashara, basi tuzungumze hesabu.

Mji huu wenyewe umejengwa na nani? Reli ilifika hapa Desemba 1901, wakapaita Port Florence. Waliotandika vyuma kutoka Mombasa walikuwa wafanyakazi wa mkataba kutoka India, karibu 32,000 kwa jumla. Takriban 2,500 walifia njiani, kwa magonjwa, ajali, na wale simba wa Tsavo ambao wamepata sifa kuliko watu wenyewe. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Waliobaki walikuwa kama 6,700. Miaka michache baadaye baadhi ya Wahindi wakapewa mashamba hapo Kibos, ambapo nyinyi leo mnapita na matatu bila kugeuza shingo. Walipanda miwa, wakaanzisha vinu vya sukari nguru, na ukanda mzima wa miwa kutoka Kibos kuelekea Miwani na Muhoroni una mizizi yake katika hayo. Katika Kibos hiyohiyo na Kibigori wapo Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan kupigana vita vya Mwingereza. Wamezaliwa hapa kizazi baada ya kizazi, na kwa miaka mingi kijana wao akienda kuchukua kitambulisho alikalishwa kitako na kuhojiwa babu yake alikuwa nani.

Sisemi Wahindi walikuwa malaika. Mzee yeyote hapa anakumbuka duka ambalo Mwafrika hakuruhusiwa kupita upande wa pili wa meza, na mshahara uliolipwa kwa kukunja uso. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Lakini pia Makhan Singh, aliyezaliwa Punjab, ndiye aliyesimama Nairobi mwaka 1950 akadai uhuru wa Afrika Mashariki mara moja, wakati ambapo wengi wa mashujaa wetu walikuwa bado wanaomba viti viwili vitatu katika baraza la kutunga sheria la mkoloni. Mwingereza akamfunga miaka 11. Na yule mliyekuwa mkimpigia kelele barabarani, Joginder Singh, Simba wa Safari, mshindi wa Safari Rally ya 1965, 1974 na 1976, alizaliwa hapo Kericho, mtoto wa mhamiaji.

Jirani yetu alijaribu njia nyingine, na matokeo yake tuliyaona kwa macho kwa kuwa yalitokea hapo ng'ambo tu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Watu walishangilia Kampala. Maduka yakagawiwa askari na marafiki. Husimuliwa kisa cha mmoja wao, aliyeulizwa bei ya shati, akatazama ukosi, akaona namba 15, akasema shilingi kumi na tano. Sijui kama kilitokea kweli, lakini mwisho wa maduka yale unajulikana. Bidhaa zilipoisha rafuni, hakuna aliyejua zilikuwa zikiagizwa wapi. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilididimia, na nchi iliyokuwa ikiuza sukari ikaanza kuitafuta kwa magendo. Wazee wa Bungoma wanaikumbuka Chepkube, kahawa ya Uganda ikivushwa usiku kwenye vichwa vya watu. Naona mzee mmoja pale anacheka. Hatumuulizi alijuaje.

Sasa tazameni upande wa pili wa safari hiyo. Zaidi ya 27,000 kati ya waliofukuzwa walikwenda Uingereza. Baraza la jiji la Leicester lilipata hofu hata likanunua nafasi katika gazeti la Uganda Argus, Septemba 1972, kuwaambia kwamba nyumba hazitoshi, shule zimejaa, huduma zimelemewa, tafadhali msije kwetu. Walikwenda. Walichukua maduka yaliyofungwa, wakaajiriwa viwandani, kisha wakaanzisha vyao. Leo Leicester hiyohiyo huwaita watalii waje kuona Diwali katika barabara ya Belgrave, na sherehe hiyo huhesabiwa miongoni mwa zile kubwa kabisa nje ya India. Watu walewale, akili zileile: Uganda ikawaona mzigo ikawatupa, mji mwingine ukawaokota kwa shingo upande ukatajirika. Baadaye serikali ya Museveni iliwaita warudi, ikawarudishia mali. Unapolazimika kumpigia magoti mtu uliyemfukuza, umelipa mara mbili.

Wala sisi hatukutoka mikono mitupu katika mkasa ule. Amin hakufukuza Wahindi peke yao. Alitisha pia wasomi wa Uganda, na wengi walikimbilia huku. Waliohudhuria shule za upili miaka ya sabini na mapema themanini wananielewa. Shule za harambee zilikuwa zimechipuka kila kijiji, majengo yapo, walimu hakuna. Aliyekufundisha hesabu au fizikia alikuwa nani? Mganda. Mimi nilifundishwa na mmoja aliyekuwa na suti moja na chaki mfukoni, na ukali wa kutosha wilaya nzima. Alikuwa amesoma Makerere. Uganda ilimlipia elimu yote hiyo, halafu faida yake ikaja kuvunwa Nyanza na Magharibi. Sijawahi kusikia mzazi akilalamika kwamba Mganda yule alichukua kazi ya mtu.

Wazee wetu wa Kijaluo walikuwa na utaratibu kwa watu waliokuja kutoka kwingine. Mtu aliyekimbia njaa au ugomvi kwao alimwendea mwenye ardhi, akaomba, akaonyeshwa mahali pa kujenga na pa kulima. Akaitwa jadak. Waluhya wana kitu kilekile, omumenya. Siupambi utaratibu huo: jadak hakuwa na sauti katika mambo ya ardhi, na hata wajukuu wake wangeweza kukumbushwa siku ya ugomvi kwamba wao ni wa kuja. Lakini jambo moja halikuwa na mjadala: hakuna mwenye boma aliyempokea mtu, akamfungia kwenye kibanda, akampelekea ugali asubuhi na jioni miaka thelathini, kisha akawalalamikia majirani kwamba mgeni huyu anamaliza unga.

Hicho ndicho tulichofanya sisi Kenya. Waswahili walituambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii watu huitumia kumsimanga mgeni, kana kwamba inasema afukuzwe. Haisemi afukuzwe. Inamwamrisha mwenyeji kutoa jembe. Kambi ya Dadaab ilifunguliwa 1991, Kakuma 1992. Mtoto aliyezaliwa Kakuma mwaka wa kwanza leo ana watoto wake, pengine wamezaliwa kambi hiyohiyo. Kwa miaka mingi sera yetu imekuwa akae humo, na akitaka kwenda Lodwar au Kitale aombe karatasi ya ruhusa. Anayepatikana bila karatasi anakamatwa. Halafu tunamwita tegemezi.

Na bado, hata akiwa amefungwa hivyo, amefanya kazi. Taasisi ya fedha ya Benki ya Dunia ilichunguza Kakuma kama soko, ikachapisha matokeo mwaka 2018: maduka zaidi ya 2,000, na matumizi yanayokadiriwa dola milioni 56 kwa mwaka. Utafiti mwingine wa Benki ya Dunia pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wa 2016, uliona kwamba kuwapo kwa wakimbizi kumeongeza pato la Turkana, kaunti iliyo na kambi ya Kakuma, kwa zaidi ya asilimia 3. Mnajua pesa hizo zinaishia wapi? Tembeleeni Kitale mkaone malori yanayopakia kabichi, maharagwe, vitunguu na unga, yanapanda Kapenguria, yanashuka bonde hadi Lodwar na Kakuma. Mkulima wa Trans Nzoia anamuuzia mkimbizi, ila hajui kwamba ndiye mteja wake kwa sababu hajawahi kumwona. Mwaka 2015 walipoanza kutoa sehemu ya msaada kwa simu badala ya gunia, mpango wenyewe ukaitwa Bamba Chakula, kwa Kiswahili chetu cha mtaani kabisa, na waliouza humo walikuwa wakimbizi na Waturkana pia.

Mnapenda mpira? Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995, wazazi wake wametoka Sudan. Alijifunzia kandanda kwenye vumbi letu. Familia ikapelekwa Australia akiwa mtoto. Juni 2022, Australia na Peru wakapigania nafasi ya Kombe la Dunia kwa penalti, na mmoja wa waliofunga alikuwa Mabil. Australia ikaenda Qatar. Harambee Stars mnajua ilikuwa wapi. Wale wakimbiaji watano kutoka Sudan Kusini walioingia timu ya wakimbizi ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 walifundishwa Ngong na binti wa Pokot Magharibi, Tegla Loroupe, baada ya kupatikana Kakuma. Kipaji tunakilea, wengine wanakivuna, kwa sababu hatukumpa mtoto huyo njia ya kusema mimi ni wa hapa.

Najua mnachotaka kuniuliza. Usalama. Ni swali la haki, na sitalidharau katika nchi iliyoona shambulio la duka la Westgate mwaka 2013 na kuzika watu 148 wa Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Serikali ina wajibu wa kumsajili kila anayeingia, kuchukua alama za vidole na kujua anaishi wapi. Lakini kumbukeni kwamba mmoja wa waliofanya unyama ule wa Garissa alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu. Kitambulisho chake kilikuwa safi. Mwaka 2014 polisi walisomba maelfu ya watu Eastleigh wakawajaza uwanja wa Kasarani. Ugaidi uliendelea mwaka uliofuata. Mtu aliyesajiliwa, mwenye leseni na kodi ya nyumba anayolipa, ni rahisi kumpata kuliko yule anayejificha kwa kuogopa msako. Polisi wazuri wanalijua hilo; wale wanaoishi kwa hongo ya wasio na karatasi ndio wasiotaka kulisikia.

Malalamiko ya Waturkana ni mazito zaidi, na hapa wapenzi wa wakimbizi wenzangu hupenda kuruka. Mturkana aliona kuni zake zikikatwa na visima vikigombaniwa. Aliona mgeni akipewa chakula, zahanati na shule, na yeye mwenye nchi akitazama kupitia ua. Huwezi kumwambia mtu huyo habari za ukarimu. Ndiyo maana makazi mapya ya Kalobeyei, karibu na Kakuma, yalipojengwa ilikusudiwa shule na hospitali zitumiwe na pande zote mbili. Haijakamilika, ina kasoro zake, lakini wazo ni sahihi: kinachomfikia mgeni kimfikie mwenyeji, na siku hiyohiyo.

Kazi? Angalieni masoko yetu ya Kibuye au Kondele. Kijana wa Burundi anayetembeza njugu, Mkongo anayeshona vitenge, mama wa Busia anayeleta mayai na ndizi za Uganda. Nani humu amefutwa kazi kwa sababu ya njugu? Mkongo akishona ananunua uzi, analipa chumba, anakula samaki wa mama wa Dunga, anapanda boda boda. Kazi zinazotutoka zinatoka kwa sababu nyingine, nami nina hotuba ndefu kuhusu hizo, ila sijaalikwa kwa ajili yake.

Na tusisahau kwamba sisi wenyewe tuko njiani kila siku. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani dola bilioni 4.9. Fedha hizo hujenga nyumba Siaya na kulipa karo Kakamega. Mtoto wa Kogelo, baba yake Barack Obama, alipokwenda Hawaii mwaka 1959 alipata kiti darasani, na mengine mnayajua. Nusu yenu mna fulana ya mtoto wake. Hatuwezi kuipigia makofi Marekani inapotupokea na kuikemea inapotufukuza, kisha hapa kwetu tukamfukuza Mrundi wa njugu.

Niwaambie jambo linaloharakisha mambo haya yote. Misaada inakauka. Mwaka 2025 wafadhili, Marekani ikitangulia, walifunga mifuko, na mgao wa chakula Kakuma ukakatwa vibaya. Ule ugali wa asubuhi na jioni niliousema haupo tena. Waliokuwa wakisema wakimbizi walishwe kambini na wazungu wamebaki na njia mbili: waone watu wakifa njaa ndani ya Kenya, au wawaruhusu wafanye kazi.

Na sheria, kwa bahati, imekwisha kuruhusu. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa, kufanya biashara, na kufanya kazi ya taaluma yake iwapo vyeti vyake vinatambuliwa hapa. Aliyetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza hata kuiacha hadhi ya ukimbizi akakaa kwa haki za Jumuiya, na leo Sudan Kusini, Kongo, Burundi na Somalia zote ni wanachama. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika wa kugeuza kambi kuwa makao ya kawaida pamoja na wenyeji. Hata mambo magumu yaliwahi kuwezekana: Wamakonde, waliokuwa wameishi hapa miaka mingi bila uraia, walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 wakadai uraia wakaupata, Washona wakafuata mwaka 2020, Wapemba mwaka 2023. Hakuna mbingu iliyoanguka.

Lakini sheria iliyoandikwa Nairobi hufia kwenye kaunta. Mkimbizi anafika na kitambulisho chake halali, karani anakigeuza huku na huku, anasema mfumo haukitambui, njoo wiki ijayo. Benki vivyo hivyo, laini ya simu vivyo hivyo. Mwalimu mkuu anadai cheti cha kuzaliwa kutoka mji uliochomwa.

Kwa hiyo nawageukia waheshimiwa wangu wawili. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imewapa kaunti masoko na leseni za biashara. Hilo halihitaji Rais, wala Bunge la Nairobi, wala mfadhili. Leteni hoja kwamba kitambulisho cha mkimbizi kikubaliwe kwenye kaunta ya leseni ya Kaunti ya Kisumu, kwa ada ileile anayolipa mama mboga mwenyeji, isizidi hata shilingi, na karani anayekikataa aandike sababu na jina lake. Walimu wakuu mlio hapa, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa mwandikisheni kwanza, karatasi zitafuata. Nanyi akina mama wa soko, kamati ya soko ni yenu. Meza anayoiomba Mkongo ni nyinyi mnaoigawa.

Waheshimiwa, nataka kusikia leo hoja hiyo italetwa lini. Nikiona mmeinuka kwenda kwenye chai kabla ya kunijibu, nitawafuata hukohuko kwenye chai.